Shangazi, nasoma vitabu vya binti yangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 44, naishi Tanga. Nashona zaidi nguo za kike, na ikifika Januari nashona sare za shule mpaka vidole vinakufa ganzi. Nina mke na watoto watatu. Niliishia darasa la saba. Nayasema haya mapema ili ujue anayekuandikia si msomi.

Binti yangu wa kwanza yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Mwaka jana likizo ya Juni alirudi na vitabu vitano kwenye tranka, hadithi za vijana, vitatu vya Kiswahili na viwili vya Kiingereza. Siku moja umeme ulikatika saa tatu asubuhi. Cherehani yangu ni ya miguu, haina shida na umeme, lakini pasi na ovaloki zinautaka, kwa hiyo nikakaa tu. Binti alikuwa ameniletea chai, akasahau kitabu juu ya meza ya kukatia. Nikakifungua, nione tu siku hizi wanasomeshwa nini. Umeme ulirudi saa nane mchana. Mimi nilijua umerudi saa kumi, jirani aliponiuliza mbona feni inazunguka na fundi hashoni.

Shangazi, tangu siku ile sijapona. Nilivimaliza vile vya Kiswahili ndani ya wiki mbili. Vya Kiingereza nilivisoma na kamusi pembeni. Mwanzoni ukurasa mmoja nusu saa nzima, baadaye nikawa natembea. Sikuwahi kumaliza kitabu cha Kiingereza maishani mwangu. Sasa nimemaliza viwili. Kuna mahali nililia, mteja akaingia kuchukua blauzi akanikuta hivyo hivyo. Nikamwambia ni vumbi la vitambaa.

Taabu ilianzia hapo. Barazani kwetu tuko mafundi watano, na wameniona. Sasa kila asubuhi mmoja ananijia na tepu shingoni: "Simama tukupime kaptula ya bluu, shule zinafunguliwa." Mke wangu hacheki, ila ameniuliza mtu mzima natafuta nini kwenye hadithi za watoto wa shule, na sikuwa na jibu. Halafu kuna gauni la kicheni pati la mama mmoja. Lilikuwa litoke Alhamisi, likatoka Jumamosi asubuhi, shughuli yenyewe mchana, kwa sababu ya sura nne za mwisho za kitabu.

Kuna na jambo jingine dogo. Katika kitabu kimoja msichana anaficha simu chini ya godoro. Nilipofika hapo moyo ukaruka. Binti yangu alikuwa ametumwa sokoni. Nikaenda nikainua godoro lake. Sikukuta simu. Nilikuta daftari, lile kubwa la kaunta buku, kumbe anaandika hadithi yake mwenyewe. Nikasoma kurasa chache, nikalirudisha kama lilivyokuwa. Jioni aliniita pembeni, akalifungua ukurasa wa 11, akaniwekea mbele ya macho. Alama ya kidole gumba, chaki ya bluu. Hakusema neno. Likizo ya Desemba alirudi bila kitabu hata kimoja, na tranka lina kufuli. Nikimuuliza vitabu viko wapi, anajibu, "Nimeviacha shule, baba."

Swali langu: je, ni aibu kwa mtu wa umri wangu kusoma hadithi za vijana? Na nitapata wapi vingine, maana vya kwake ndiyo hivyo?

Fundi, Tanga


Marahaba, fundi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa hapo pa feni. Mara ya pili nilianzia chini, kwenye kile ulichokiita jambo dogo. Nilifanya kazi maktaba miaka 27, na mtu akinijia kaunta na kitabu kilichochanika nilikuwa namjua mapema, kwa sababu huyo ndiye anayeanza kwa kukueleza habari za mvua. Godoro nitalifikia. Kwanza nikujibu ulichouliza, nacho kina haki yake.

Si aibu, na huko peke yako. Mwaka 2012 kampuni ya Bowker ya Marekani iliwachunguza wanunuzi wa vitabu vya vijana, ikakuta asilimia 55 yao ni watu wa miaka 18 na kuendelea, na kundi kubwa kuliko yote ni la miaka 30 hadi 44. Utasema wananunulia watoto wao. Walipoulizwa, mara 78 katika kila 100 walijibu kwamba wanajinunulia wenyewe. Kwa hiyo wewe mwenye 44 umeliwahi basi hilo likiwa linaondoka.

Huku kwetu hao watu wazima niliwaona kwa macho yangu, ila kila mmoja alikuja na mtoto wa kusingizia. Baba mmoja alichukua riwaya "ya mtoto", akairudisha siku ya tatu, akakaa amesimama pale kaunta kama anayesubiri chenji. Hatimaye akasema: "Mtoto anauliza kama kuna sehemu ya pili." Nikamwambia amjulishe mtoto kwamba sehemu ya pili imechukuliwa na mwalimu mmoja wa kike, naye kaichukua kwa ajili ya mtoto wake.

Hilo neno "vijana" juu ya jalada ni la kumsaidia mpanga rafu. Wewe uko Tanga, na hapo jirani yako Vibambani ndiko alikozaliwa Shaaban Robert. Kitabu chake Adili na Nduguze kilitoka 1952, na mimi nilikikuta nikiwa shule ya msingi. Usiku baba yangu alikuwa akininyang'anya. Asubuhi ananikuta nanawa uso, ananiuliza kwa sauti ya mtihani: haya, wale nyani wawili wanachapwa kila usiku kwa kosa gani? Nilikuwa sijafika huko. Yeye alishafika, na alikuwa na miaka inayokaribia yako. Hakuna aliyempima kaptula.

Sasa mkeo. Ameuliza swali zuri, anastahili zaidi ya kimya. Mtu mzima anatafuta nini humo? Mimi nitakwambia ninachotafuta mimi, kwa sababu nina miaka 66 na bado nasoma hadithi hizo, moja iko hapa chini ya miwani yangu.

Katika hadithi ya vijana kila kitu kinatokea kwa mara ya kwanza. Uongo wa kwanza mkubwa. Msiba wa kwanza ambao mtoto hatumwi kwa jirani bali anaachwa akae na watu wazima mkekani. Siku anayogundua kwamba baba yake naye anaogopa mtu. Mimi na wewe mambo hayo tumeshayazoea mpaka hatuyaoni, tumeyapigia pasi. Yule wa miaka 16 hajui kama jambo litapita. Wewe unajua litapita. Unamwona anapiga mlango kwa kichwa na wewe ulishautoka zamani, unajua unafungukia upande gani, na huna namna ya kumwambia. Hicho ndicho kilichokuliza, wala si vumbi la vitambaa. Kijana mwenyewe akikisoma kitabu hichohicho halii hapo. Analia mahali pengine, labda pale ambapo wewe ulipita upesi. Mkipata kuzungumza utashangaa.

Na kuna ufundi, jambo ambalo wewe ulitakiwa kuliona kabla yangu. Anayewaandikia vijana hana kitambaa cha kuchezea. Msomaji wake akichoka ukurasa wa pili anatoka nje kucheza mpira, harudi tena. Basi mwandishi anakata karibu na chaki. Mtu anaingia mlangoni, tayari pana ugomvi. Sura inaisha mkono ukiwa umeshika kitasa. Riwaya nyingi za wakubwa, na nyingine nazipenda kwa dhati, zina upindo wa inchi nne. Unasoma kurasa 30 mhusika anatazama dirishani akikumbuka. Sura zako nne za mwisho zilikuzuia kushona gauni kwa sababu aliyezikata alikusudia hivyo. Tuseme tu alikuwa fundi mwenzio aliyekuzidi siku ile.

Kuhusu Kiingereza, umelitaja kwa haraka kana kwamba si kitu. Hapa Tanzania kuanzia 2008 palikuwa na Tuzo ya Burt, iliyoendeshwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa ajili ya riwaya za vijana za Kiingereza zilizoandikwa na watu wa hapahapa. Zilizoshinda zilichapwa zikapelekwa mashuleni na maktabani. Shida iliyokuwa mbele ya watu ni hii: mtoto anasoma karibu kila somo kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, halafu kidato cha kwanza anaikuta baiolojia kwa Kiingereza, na hajawahi kusoma hata hadithi moja ya kumfurahisha kwa lugha hiyo. Riwaya za namna hiyo, basi, zinashonwa kwa kipimo cha mtu anayetoka darasa la saba. Wewe umezivaa miaka 30 baadaye, na zimekukaa. Hapo pana aibu gani?

Haya, godoro.

Nianze na kitu ambacho hukukiandika. Hukusema ulisoma nini kwenye daftari lile. Nakupongeza kwa hilo, na pengine ni hilo peke yake katika mkasa wote. Endelea kutosema, kwangu na kwa mama yake.

Ulikuwa umekaa na kitabu kwa furaha, halafu katikati ya sura ukageuka askari. Msichana wa kwenye kitabu kaficha simu, wewe ukaenda kumsachi msichana mwingine. Hata yule wa kitabuni angekushangaa. Unajua, wazazi wengi walikuja maktaba wakitaka niwachagulie hadithi zitakazowaonyesha "watoto wa siku hizi wanafanya nini". Sikuwapa. Hadithi si ripoti ya mwenyekiti wa mtaa. Inakupa roho ya mtu mmoja ambaye hayupo, na ukitoka humo unapaswa kuwa mpole zaidi kwa mtu aliyepo. Wewe ulitoka ukiwa mkali zaidi. Ulisoma vizuri kurasa zote, ukakosea hiyo moja.

Kuna kitabu cha Euphrase Kezilahabi kilichotoka 1971, Rosa Mistika, ambacho kwa kipindi fulani kilikatazwa mashuleni. Humo, Ukerewe, yumo baba anayeitwa Zakaria. Anagundua barua ya mvulana kwa binti yake, na binti anapigwa kwa barua hiyo. Kitafute ukisome. Najua hukumpiga mtu, na sikulinganishi na Zakaria; yule ana mengi, na pombe juu. Nataka ukisome kwa sababu utamwona baba kutokea chini, anavyoonekana na mtu aliyelala anasikiliza nyayo zake mlangoni. Miaka hii yote umekuwa ukiwaona wenzako wa barazani na wateja kutokea juu ya cherehani. Hiyo ni sehemu nyingine ya kukaa.

Sasa fikiri kuhusu kilichokuwa chini ya lile godoro. Mteja wako akija gauni lake likiwa bado la bandi, pini zimejaa, mkono mmoja hauna, unafanyaje? Unalifunika, unamwambia njoo kesho. Hutaki alione, ingawa ni gauni lake na amelilipia. Daftari la binti yako lilikuwa la bandi. Wala halikuwa lako.

Pia hukujua ulichokuwa umeshika. S. E. Hinton, wa Tulsa kule Marekani, alianza kuandika The Outsiders akiwa na miaka 15, na kitabu kikatoka 1967 yeye ana 18. Kile kitabu ni kimoja kati ya vilivyofanya wachapishaji wa huko waanze kuwatengenezea vijana rafu yao, na kiliandikwa na msichana wa umri wa kidato cha tatu. Simaanishi kwamba wa kwako naye atatoka. Wengi huandika miaka miwili wakaacha, wala si msiba. Nasema tu kwamba wewe, mpenzi wa hadithi za vijana, ulikuwa na moja mkononi ambayo hakuna duka wala maktaba inayo, na mwandishi wake anakula ubwabwa nyumbani kwako. Ungeweza kusubiri akusomee mwenyewe. Labda angekusomea.

Utafanyaje? Akirudi likizo, siku ya kwanza, kabla hajagusa tranka, mwite mahali ambapo wadogo zake hawapo. Mwambie: "Niliinua godoro lako, nikasoma daftari lako. Sikuwa na ruhusa. Naomba unisamehe." Halafu nyamaza. Najua kwetu baba kumwomba mtoto radhi ni kupanda mlima kwa magoti, na ndiyo sababu nakuandikia maneno yenyewe, usije ukafika pale ukaanza habari za mvua. Usiongeze "lakini sisi wazazi tuna wasiwasi". Usiisifie hadithi yake, kwa sababu sifa hapo ni kumkumbusha kwamba uliisoma. Na tafadhali usimshonee kitu. Ninyi mafundi mna tabia ya kulipa madeni kwa nguo, nimeoa mmoja, namaanisha nimeolewa na mmoja, nina magauni manane ya namna hiyo kabatini.

Akijibu "sawa, baba" na kuondoka, chukua hiyo "sawa". Huenda kufuli likabaki likizo nzima. Liache.

Wewe kwa upande wako tafuta vitabu vyako. Maktaba ya mkoa ipo hapo mjini, ile ya Mfalme George VI, nina hakika unaipita kila wiki ukienda kununua nyuzi. Ingia, jiandikishe kwa jina lako, na ukiulizwa kitabu ni cha nani, sema ni changu. Anza na Siku Njema cha marehemu Ken Walibora, cha 1996. Kinaanzia Tanga yako hiyohiyo: kijana, mama yake mwimbaji wa taarabu, baadaye anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba. Walibora alikuwa Mkenya, na utakuwa na maneno yako kuhusu anavyoitembea Tanga. Yaandike pembeni kwenye karatasi, si kwenye kitabu. Ukimaliza, kabla hujakirudisha, kiache siku mbili mezani pale mnapokulia. Binti akikichukua, usimuulize amefika wapi. Ukimwona anacheka peke yake, usiulize anacheka nini. Mwache yeye ndiye aanze kukuuliza, hata kama ni likizo ijayo.

Mkeo mjibu leo hii, usiku, kwa maneno yako. Au bora zaidi, msomee ule ukurasa uliokuliza. Ataacha kuuliza, au atakwambia hata yeye haoni cha kulilia, na hapo mtakuwa na maongezi.

Wale wa kaptula ni kazi nyepesi. Siku umeme ukikatika tena, mko watano barazani, mikono inashona vifungo na pindo, masikio hayana kazi. Soma kwa sauti. Sura moja tu, na uikatie pale panapouma. Funga kitabu, sema una gauni la mtu. Kesho yake utaona ni nani atakayekuwa wa kwanza kuja na tepu shingoni akijifanya anakupima, ili tu akuulize yule kijana alifika au hakufika.

Na gauni la mtu kweli ulishone kwanza. Yule mama alisubiri mpaka Jumamosi asubuhi. Mimi ningekuja Ijumaa na shangazi zangu.

La mwisho ni la mtunza maktaba, limenikaa rohoni tangu nilipofika ukurasa wa 11. Vitabu hivyo baada yako vitasomwa na wengine, fundi. Osha mikono kwanza.

Shangazi